Majeruhi Kando ya Barabara

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita Kibaha, na Mkuza ni moja ya kata za mji huo. Usiku na mchana hupita humo mabasi ya abiria, malori yachukuayo shehena za bandarini hadi Zambia na Kongo, na pikipiki zisizo na idadi. Jirani yake, huko Tumbi, ipo hospitali ambayo asili yake ni mradi wa pamoja baina ya Tanganyika na nchi za kaskazini ya Ulaya, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kukabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970. Leo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, na majeruhi wa barabara hiyo si wageni kwake. Mahali penye njia kama hii na hospitali kama hii, swali la kale la wanafalsafa halina haja ya kutungiwa mfano. Mtu amelala kando ya lami, damu inamtoka, mwingine anapita. Mpita njia huyo ana wajibu gani, na wajibu huo amepewa na nani?

Katika vitabu vingi jibu hupangwa mfano wa ngazi. Juu kabisa huwekwa nadharia ya maadili, ambayo hujua lililo jema. Chini yake sheria, ambayo huliamuru. Kisha miiko ya kazi, ambayo humfundisha daktari, askari na wakili namna ya kulitenda. Na chini kabisa huachwa tabia ya mwanadamu, kama udongo wa kufinyangwa na wote waliotangulia. Ngazi hiyo inapendeza kuitazama. Taabu yake ni kwamba haimfikishi mtu kwa majeruhi.

Na itazamwe sheria kwanza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humtaka dereva aliyehusika na ajali asimame. Lakini amri hiyo ni ya aliyehusika. Mpita njia ambaye hakugonga wala hakugongwa ni habari nyingine. Sheria ya jinai ya Tanzania ilikua katika mapokeo ya Kiingereza, na mapokeo hayo humwadhibu mtu kwa alilolitenda zaidi kuliko kwa aliloacha kulitenda. Asiye mzazi, wala mlezi, wala mwenye dhamana juu ya mwenziwe, kwa kawaida halazimishwi kumwokoa. Ufaransa na Ujerumani zimefuata njia nyingine: huko, mtu amwachaye mwenziwe hatarini, hali angaliweza kumsaidia bila ya kujihatarisha nafsi yake, ana kosa la kujibu mahakamani. Sheria hizi mbili hazikutofautiana kwa sababu wabunge wa huku ni wakatili na wa kule ni wapole. Zimetofautiana kwa sababu kila moja ina picha yake ya mwanadamu. Moja humwona kama mwenye milki ya uhuru wake, ambao hauguswi ila kwa sababu kubwa. Ya pili humwona kama jirani tangu kuzaliwa. Basi falsafa haikukaa juu ya sheria ikiitazama. Imo ndani yake, hata pale mwanasheria asipokumbuka kwamba imo.

Mlangoni pa hospitali jambo huwa gumu zaidi. Kwa miaka mingi katika Tanzania majeruhi wa ajali au wa ugomvi ametazamiwa kuja na fomu ya polisi nambari tatu, ambayo watu wote huiita PF3. Fomu hii haikutungwa na mtu mwovu. Daktari huandika humo aina ya jeraha, na maandishi yake huweza kuwa ushahidi. Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humpa mshitakiwa haki ya kutaka daktari aitwe mahakamani aulizwe juu ya alichokiandika. Ni kinga ya aliyepigwa, na ni kinga ya aliyesingiziwa. Lakini karatasi iliyokusudiwa kulinda haki imepata mara nyingine kuwa kizuizi cha dawa, hata imewabidi viongozi wa serikali kutamka hadharani kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, karatasi ifuate. Kenya iliona hatari ya namna hiyo ni kubwa kiasi cha kuitia katika katiba yake ya mwaka 2010, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Mganga hapo amevaa kofia mbili. Kwa moja yeye ni mponyaji. Na tamko la madaktari wa dunia lililotolewa Geneva mwaka 1948 liliweka afya ya mgonjwa mbele ya mambo mengine. Kwa ya pili yeye ni shahidi wa dola. Hapana ubaya katika kuvaa kofia mbili, ila kichwa ni kimoja, na saa ya damu kutoka si saa ya kuchagua kofia. Mwuguzi aliye zamu usiku hawezi kuachiwa peke yake fumbo ambalo Bunge na Wizara hazikulifumbua.

Sasa nadharia zenyewe. Kant angemwuliza mpita njia kama angependa kanuni ya kupita na kuacha iwe kanuni ya watu wote, na yeye mwenyewe siku moja alale pale. Mill angepima dakika chache za safari kwa uzito wa uhai mmoja. Aristotle angeuliza ni mtu wa tabia gani awezaye kupita. Wamebishana katika vyuo kwa karne nyingi, na wanafunzi wataendelea kuandika mitihani juu ya tofauti zao. Lakini hapa kando ya lami hawatofautiani. Wote watatu wamekwisha kumwambia mpita njia la kufanya, naye bado anapita.

Ndipo inapoitwa elimu ya nafsi. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, Darley na Batson, walitoa habari ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la pili kutoa mazungumzo mafupi, na njiani aliwekwa mtu ameinama, anakohoa na kuugua. Wengine waliambiwa wana nafasi ya kutosha, wengine kwamba wakati umewadia, wengine kwamba wamekwisha kuchelewa. Katika waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama kusaidia. Katika wale wa kati, asilimia 45. Katika waliochelewa, asilimia 10. Baadhi yao walikuwa wakienda kuzungumza juu ya hadithi ya Msamaria Mwema yenyewe, na jambo hilo halikuonekana kuleta tofauti ya maana. Wahenga wa Kiswahili waliinyima haraka baraka kwa kuona jinsi iharibuvyo kazi; wataalamu hawa waliikuta ikiharibu huruma.

Wapo waliosoma habari hizi wakafurahi mno, wakasema kwamba tabia njema haiko, iko saa tu. Hayo ni kukimbilia mbali kuliko ushahidi. Waliochelewa wakasimama walikuwako, ingawa wachache, na asilimia 37 ya wenye nafasi walipita bila ya udhuru wa saa. Jaribio halikuonyesha kwamba moyo hauna kitu. Limeonyesha kwamba moyo ni mwepesi kuliko wenyewe wanavyodhani, na kwamba mzigo mdogo huweza kuuinamisha.

Katika barabara ya Kibaha mizigo ni mizito kuliko saa ya kutoa mazungumzo. Mpita njia huogopa kuwa shahidi na kuitwa tena na tena. Huogopa kudhaniwa kwamba ndiye aliyegonga. Dereva huogopa kundi lenye hasira lisilongoja mahakama. Mwenye gari la abiria hufikiri juu ya viti vyake na mapato ya siku. Kumwita mtu huyu mwenye roho mbaya ni rahisi, na mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi ni mtu wa kawaida aliyewekwa mahali ambapo wema humgharimu sana na kupita hakumgharimu kitu. India ilipotunga mwaka 2019 kifungu cha kumkinga msamaria wa barabarani na madai, haikuongeza wema katika mioyo ya Wahindi. Ilipunguza bei yake.

Hata hivyo tabia ya mwanadamu si hofu tu, wala haiponi kwa sheria tu. Tarehe 10 Agosti 2019, katika barabara hii hii, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukawaka. Waliokufa walizidi 100. Wako walioharakisha kuwahukumu marehemu kwa tamaa. Hukumu hiyo haina adabu, wala haina elimu. Pale palikuwa na umaskini, palikuwa na kundi ambalo kila mmoja wake aliona wengine wameingia akajiona salama, na palikuwa na hatari isiyoonekana kwa macho. Walichokieleza Latané na Darley mwaka 1968, kwamba wingi wa watu humpunguzia kila mmoja hisia ya kwamba jambo ni lake, kina ndugu yake: wingi huo huo humpunguzia mtu hisia ya kwamba hatari ni yake.

Wala isidhaniwe kwamba nchi hii ilingoja Princeton ili ijifunze kupanga wema. Misafara ya karne ya kumi na tisa ilipokuwa ikishuka kutoka bara kuja pwani, ilipita katika nchi ya Wazaramo, ambayo ndiyo Kisarawe na Kibaha ya leo. Mnyamwezi aliyekuwa mbali na kwao alikuwa na nini cha kumlinda? Alikuwa na utani. Mtani aliweza kumtukana mwenyeji wake pasipo ugomvi, kuomba chakula, na akifiwa au akifa alikuwa na mtani wa kushika kazi za mazishi. Utani si sheria ya dola, wala si huruma ya moyo iliyoachwa huru kuja ama kutokuja. Ni kitu cha katikati: umemtaja mwenye wajibu kwa jina la kabila lake kabla ya haja kutokea, nao umeutia wajibu huo kicheko ili usiwe mzito. Uliwajua wanadamu. Ulijua kwamba mgeni anayekufa njiani akiwa ni wajibu wa wote, huenda asiwe wa yeyote.

Utani ulikuwa na mpaka wake, kwani asiye mtani hakuwa na dai kama hilo, na hapo ndipo nadharia inapostahili nafasi yake. Kazi yake si kumkaripia mpita njia kwa jambo alijualo. Ni kuwauliza waandikao sheria, watungao fomu na wawekao miiko ya kazi: mzigo huu mmemtwika nani, na kwa haki gani? Ni yeye pia akataaye kwamba majeruhi apewe haki kwa kuwa ni wa kabila fulani, au ana fedha, au ameleta karatasi. Elimu ya nafsi huweza kueleza kwa nini watu tisa katika kumi walipita. Haiwezi kusema kama walifanya vema. Na nadharia iliyosema kwamba hawakufanya vema, ikaishia hapo, imemwacha majeruhi pale pale alipo, akingoja wa kumi, na akifika Tumbi, akingoja mtu aliyetumwa kituo cha polisi arudi na fomu.