Amani ya Juujuu na Amani ya Kweli

Masomo: Yeremia 6:13–15, Mathayo 5:21–26, Waefeso 4:11–16



Katika gereji za kwetu, tangu Shinyanga mjini mpaka Kahama na Geita, bado huonekana Land Rover za zamani, zile za Series III zilizotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Injini ya gari la umri huo huwa imekwisha kufunguliwa na kufanywa upya, pengine zaidi ya mara moja. Mwenye gari hulichukua kwa furaha, kisha baada ya majuma machache linaanza kuchemsha. Maji yanapungua katika rejeta, na ukitazama chini ya gari huoni hata tone. Fundi akisikia habari hiyo huishuku mara moja gasketi ya hedi. Jambo hili lina fundisho kwetu sisi Kanisa, maana nasi twatengeneza upya yaliyovunjika, kisha twayaona yanavuja tena.

Gasketi ni kipande chembamba kilalacho kati ya bloku na hedi. Kazi yake ni kutenganisha moto wa silinda, maji ya kupozea na oili ya kulainisha, maana vyote vitatu hupita karibu karibu sana. Petroli ikiwaka ndani ya silinda, joto lake kwa kitambo kidogo huzidi nyuzi 2,000 za Sentigredi. Kando yake, kwa umbali wa milimeta chache tu, yanapita maji. Hapa Shinyanga, kwa kuwa tuko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji hayo yangechemka kabla ya kufika nyuzi 100 kama kifuniko cha rejeta kisingeyabana. Basi gasketi ikivuja, kila kimoja huingia katika njia ya mwenzake. Moto ukiingia katika maji, mapovu hutoka katika rejeta. Maji yakiingia katika silinda, gari hutoa moshi mweupe. Maji yakiingia katika oili, oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa, wala hailindi chuma tena.

Yako matengenezo ya mkato. Mmoja hutia dawa ya kuziba katika rejeta. Mwingine huondoa themostati ili gari lisichemshe upesi. Mwingine huongeza maji kila asubuhi na kunyamaza. Tena yuko anayenunua gasketi mpya na kuifunga juu ya hedi ile ile iliyopinda. Gari litatembea, labda litafika Ushirombo, lakini ugonjwa umo ndani. Nabii Yeremia aliwakemea viongozi wa namna hiyo, waliolifunika jeraha la watu bila kulisafisha, wakatangaza kwamba kuna amani mahali ambapo amani haikuwapo.

Ndugu, tusiende mbali. Mtoto anaugua, ng'ombe wanakufa, au duara la ndugu mchimbaji halitoi dhahabu. Mtu anakwenda kupiga ramli, naye bibi mmoja anatajwa. Watu wanasema macho yake ni mekundu. Kumbe macho hayo yameharibiwa na moshi wa miaka mingi, kwa kuwa katika nchi yetu iliyopungukiwa na kuni, akina mama wengi wamepikia mabua na mavi makavu ya ng'ombe. Tunajua kwamba wako vikongwe waliouawa katika mikoa yetu kwa neno la namna hiyo. Wengine hawakuuawa, nao tungali nao. Wazee wa kanisa wanaitwa, watu wanapeana mikono, sala inafanywa, nasi twasema mambo yamekwisha. Lakini watoto bado wanakatazwa kupita uani kwa bibi yule. Hakuna anayekwenda kwake kuomba moto wa jikoni. Jumapili anakaa peke yake mwisho wa benchi. Hapo ndipo maji yanapungua, na chini hapana tone.

Basi tujifunze kwa fundi mwema.

Kwanza, huzima injini na kuiacha ipoe. Hafungui rejeta inayochemka, maana itamwunguza, wala hamwagi maji baridi juu ya chuma cha moto, maana kitapasuka. Vivyo hivyo, palipo na tishio la kuua, tusianze na kikao cha mapatano. Kwanza bibi awekwe mahali pa salama, na serikali ijulishwe. Mapatano yana saa yake.

Pili, hufungua na kupima. Huweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, kisha hutazama kama mwanga unapita chini yake. Hapimi hedi iliyopinda kwa kitu kingine kilichopinda. Nasi hatuwezi kupima jambo la jirani kwa ramli, wala kwa maneno ya kilabuni. Tupime kwa Neno la Mungu na kwa ukweli wa mambo: ni nani aliyesema, alimsikia nani, mtoto aliugua ugonjwa gani, je, alipelekwa hospitali?

Tatu, hedi iliyopinda hupelekwa kwa fundi wa mashine ikakwanguliwe mpaka iwe sawasawa. Chuma hupungua hapo. Toba nayo hupunguza kitu: heshima yetu, pengine na mali yetu. Aliyemsingizia mwenzake mbele ya watu na akanushe mbele ya watu. Aliyemvunjia nyumba na amjengee. Zakayo hakuishia kwenye machozi, alirudisha.

Nne, husafisha hata matundu ya bolti. Tundu likibaki na oili au maji, bolti hukaza kwa uongo: spana inakuwa nzito, kumbe hedi haijabanwa. Ndivyo ulivyo mkono unaotolewa wakati wa amani huku moyo umejaa kinyongo.

Tano, huanza kukaza katikati akienda nje, kidogo kidogo, kwa zamu, wala hamalizi upande mmoja kwanza. Kisha kwa injini hizi za zamani, gari likiisha kutembea na kupoa, hukaza tena. Wazee wa kanisa, msipatanishe mara moja na kwenda zenu. Rudini baada ya mwezi, na baada ya msiba unaofuata katika kijiji kile, maana huo ndio moto utakaoijaribu kazi yenu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Labda mtu atauliza: "Je, mwenzangu akikataa?" Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kilijibu swali hilo. Kiliagiza kwamba watu wanaochukiana wasipewe Meza ya Bwana mpaka wapatane. Lakini kama mmoja yuko tayari kusamehe kwa moyo na kutengeneza alipokosa, na mwingine anashikilia ugomvi, yule aliyetubu apokewe, na mkaidi asipokewe. Kwa hiyo ukaidi wa mwingine haukuzuii wewe kutimiza sehemu yako.

Mfano wa injini unaishia hapa, maana chuma hakisamehe. Sisi tunaye Kristo, ambaye Waefeso sura ya 2 yatufundisha kwamba yeye mwenyewe ndiye amani yetu, aliyebomoa kiambaza cha uadui kwa mwili wake msalabani. Hakuifunika dhambi kwa dawa ya kuziba. Aliichukua. Kwa sababu hiyo twaweza kufungua yaliyofichwa bila kuogopa kwamba tutatupwa kama chuma chakavu.

Juma hili, kila mmoja amtazame aliye peke yake mwisho wa benchi. Akaketi naye. Kisha siku ya kazi aende nyumbani kwake, akanywe maji katika kikombe chake, watu wakiona.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, utufunulie yaliyopinda ndani yetu, utunyoshe hata kama twaumia, uwalinde wazee wanaosingiziwa, ukatuunganishe kuwa mwili mmoja usiotengana wakati wa moto. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.