Niko Sawa, Mama

Mwaka wa kwanza wa chuo una sentensi yake, tena fupi: "Niko sawa, mama." Kabla sijaacha chuo, mwaka wa pili, nilikuwa naisikia kila jioni chumbani hosteli, kwa Kiswahili, kwa Kidigo, kwa Kikamba. Hakuna aliyekuwa sawa. Mmoja alikuwa anakula mara moja kwa siku. Mwengine hakuwa ameingia darasani wiki tatu, na alikuwa anaripoti nyumbani ati masomo yanakwenda vizuri. Kwa hiyo nauliza: huo ni uongo, ama ni stara?

Kwa mtu wa Mji wa Kale, stara si neno dogo. Nyumba zetu zimejengwa juu yake. Ingia kwenye nyumba ya mawe ya zamani, uone milango ya ndani ilivyopishana na ya nje, makusudi, mpita njia asione mpaka uani. Mgeni anakaa barazani, anapewa kahawa tungu, stori zinakwenda mpaka isha, na hatajua kama leo ndani wamepika. Mtoto wa Kibokoni anajifunza mapema kwamba njaa ya nyumba yao haiendi barazani, na sioni unafiki wowote hapo.

Sasa mtoto huyo anapita KCSE, anaitwa chuo kikuu. Mwenye bahati anaitwa hapa hapa, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, anarudi kula kwao. (Chuo chenyewe ni mtoto wa mchango. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kilipoanzishwa kwa ajili ya elimu ya Waislamu, pesa zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni.) Wengine wanaitwa Eldoret, Njoro, Maseno. Hao wanapanda basi la usiku na shuka mpya na birika la umeme.

Kabla hajapanda, kuna kikao. Mfumo wa ufadhili ulioletwa na serikali mwaka 2023 uliwagawa wanafunzi makundi matano: familia ya chini kabisa itoe asilimia 5 ya gharama ya kozi, ya juu asilimia 40, na kilichobaki kiwe ufadhili na mkopo. Kwenye karatasi hizo ni nambari tu. Nyumbani ni bangili za mama, ni ami aliyekopa kwenye chama, ni khalati anayekaanga viazi karai kila magharibi. Na hapo hujalipa chakula wala chumba.

Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika kwamba huna ruhusa ya kudanganya hata muuaji akija mlangoni kukuuliza rafiki yako amejificha wapi. Ukiyasema hayo barazani kwetu utachekwa. Hata madrasa tumefundishwa kwamba anayepatanisha waliogombana ana nafasi yake. Lakini Kant anatusaidia kwa njia moja: kwake, kusema kweli ni wajibu kwa kila mtu sawasawa, na mimi napokataa hilo inabidi niseme basi ukweli ni haki ya nani.

Nasema ukweli una wenyewe. Jirani akiniuliza chuo vipi, "alhamdulillahi" inamtosha. Mama aliyeuza bangili bado anapiga hesabu. Ukimwambia uko sawa, kesho atakwenda kukopa karo ya muhula ujao kwa neno lako. Sisemi amekununua. Wako wazazi wanaodhani karo inawapa ufunguo wa kila kitu, unavaa nini, unatembea na nani, na hao nao wana makosa yao. Lakini kama pesa anayoitafuta inaingia mahali ambapo wewe umeshaacha kwenda, hilo ni lake kulijua. Ule mlango uliopishana uliwekwa kwa ajili ya mpita njia. Wa ndani wanaonana.

Komredi mmoja aliniambia, "Nikimwambia, presha itapanda." Siwezi kulidharau jambo hilo, presha za mama zetu ni za kweli. Ila angalia anachofanya mtoto huyo. Amejipa kazi ya kuamua mamake anaweza kubeba nini, mwanamke ambaye amebeba mengi kuliko yeye.

Na uongo huu hausukwi na mtu mmoja. Siku ya kusindikizwa unaambiwa, "Usituaibishe." Basi umeshajua habari gani hazitapokelewa. Halafu simu yenyewe: "Umekula? Masomo je? Haya, Mungu akuweke," yote kwa mpigo, na hujafungua mdomo. Kwani hapo jibu litapita wapi? Nawaelewa wazee. Mji huu ni mdogo, habari inatoka Kuze inafika Makadara kabla adhana haijaisha. Lakini wakiogopa mtaa mpaka wakashindwa kumsikiliza wao wenyewe, mtoto atawajibu kama anavyowajibu watu wa mtaa.

Kuna binti namjua, muhula wa pili alikuwa ameanguka masomo matatu na analala kitanda kimoja na mwenzake. Hakuanza kwa babake. Alimpigia bibi. Bibi hakulia wala hakuhubiri. Aliuliza chakula huko ni shilingi ngapi, na kitanda chenyewe kina upana gani. Kisha akamwambia, "Niachie babako, mimi ndiye niliyemzaa," akasubiri siku aliyorudi kazini na uso mzuri. Baba alikaa siku mbili hazungumzi. Ya tatu akauliza masomo yakiahirishwa mwaka mmoja inagharimu kiasi gani, na wakaanza kupiga hesabu upya, safari hii binti mwenyewe akiwa kwenye simu.