Zimwi, Mizani na Marafiki Watatu

Upo mchezo ambao marafiki wapendao sinema huucheza wanapokutana. Huchukua filamu zote za mfululizo mmoja, wakazijadili moja baada ya moja, kisha wakazipanga daraja: hii ya kwanza, hii ya pili, na ile, maskini, ya mwisho. Mchezo huo huonekana mwepesi, khasa filamu zenyewe zikiwa za katuni, ambazo wengi huzihesabu kuwa ni za watoto. Lakini ndani yake mna suala lisilo wepesi wowote, nasi wapenzi wa ushairi tunalijua vyema, kwani hutujia kila tunaposikia kwamba malenga fulani ni bora kuliko fulani. Suala lenyewe ni hili: je, kuna haki katika kuzipanga daraja kazi za sanaa? Na ikiwa ipo, rafiki anamdai nini rafiki yake wanapohukumu pamoja?

Ili tusizungumze hewani, na tuchukue mfano mmoja unaojulikana, nao ni filamu za Kimarekani za zimwi aitwaye Shrek. Mwaka 1990 William Steig, mwandishi na mchoraji, alitoa kitabu kifupi cha watoto chenye jina hilo. Kampuni ya DreamWorks ikakifanyia filamu mwaka 2001, na zikafuata nyingine za mwaka 2004, 2007 na 2010. Paka mwenye buti, aliyeingia katika hadithi kuanzia filamu ya pili, naye akapewa zake mbili, mwaka 2011 na mwaka 2022. Jumla ni sita, na marafiki wana la kuzungumza usiku kucha.

Sisi tuliolelewa kwa hadithi za mazimwi tunaijua kazi ya zimwi: kula watu, kuiba watoto, na mwishowe kuuawa. Filamu ya 2001 iliipindua kazi hiyo. Zimwi wake anaishi kinamasini na hataki lolote ila kuachwa peke yake. Lord Farquaad, mtawala mfupi wa kimo na mrefu wa kiburi, anawafukuza viumbe wote wa hadithi katika nchi yake, nao wanakwenda kujazana kinamasini kwa zimwi. Ili arejeshewe utulivu wake, zimwi anakubali kwenda kumkomboa Fiona, binti mfalme aliyefungwa katika ngome inayolindwa na joka, ili Farquaad amuoe. Fiona naye ana siri: jua likitua hugeuka zimwi. Linapokuja busu la mapenzi ya kweli, ambalo kwa desturi ya hadithi lingempa sura ya kibinadamu milele, linamwacha zimwi milele, na hadithi inatwambia kwamba huo ndio uzuri wake.

Sasa tuwaweke barazani marafiki watatu, na tuwape filamu tatu tu kati ya hizo sita. Wa kwanza anasema bora ni ya 2001, kwa sababu ndiyo iliyothubutu. Waliokuja baadaye walipita njia iliyokwishafyekwa. Ya pili kwake ni ya 2004, na ya tatu ni ya 2022. Rafiki wa pili anaitanguliza ya 2004. Humo zimwi anakwenda kujulikana kwa wakwe zake, mfalme na malkia, na kwa kutaka akubalike anakunywa dawa inayomgeuza kijana wa kupendeza. Mwisho Fiona anaikataa sura hiyo ya kuazima na kumtaka yule yule aliyemuoa. Hakuna, anasema rafiki huyu, aliyeionesha dhiki ya ukwe kwa kicheko na kwa huruma kama hivyo. Baada ya hiyo anaiweka ya 2022, kisha ya 2001. Rafiki wa tatu anaianza ya 2022. Paka, aliyejaaliwa roho tisa, amekwishatumia nane kwa majigambo, na Mauti yanamwandama katika umbo la mbwa mwitu. Kwa mara ya kwanza anaionja hofu, na kutokana na hofu hiyo anajifunza kuithamini roho moja iliyosalia. Baada ya hiyo anaiweka ya 2001, na ya 2004 ndiyo ya mwisho.

Basi na tupige kura. Kati ya 2001 na 2004, wawili dhidi ya mmoja wanaipendelea ya 2001. Kati ya 2004 na 2022, wawili dhidi ya mmoja wanaipendelea ya 2004. Mtu angedhani kazi imekwisha, na ya 2001 imeshinda zote. Lakini ikilinganishwa ya 2022 na ya 2001, wawili dhidi ya mmoja wanaipendelea ya 2022! Kila filamu imeishinda moja na kushindwa na moja. Kitendawili hiki alikieleza Condorcet, mwanahisabati wa Kifaransa, mwaka 1785, alipochunguza kura za mabaraza. Kila mmoja wa marafiki hao ana orodha iliyonyooka na sababu zenye akili, na hata hivyo wote watatu kwa pamoja hawana orodha. Atakayeipata ataipata kwa kuishurutisha: kwa kupaza sauti, kwa kuchosha wenziwe, au kwa mmoja wao kusema, "Haya, iwe mtakavyo," ili yaishe.

Hapo ndipo wengi hukimbilia neno la kutuliza: kila mtu na ladha yake. Neno hilo lina upole, lakini nahisi lina uvivu pia. Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790, alitenga kauli mbili tunazozichanganya. Mtu akisema kinywaji fulani champendeza, anaeleza khabari zake mwenyewe, wala hamdai mwingine akubali. Akisema kitu fulani ni kizuri, amekwishavuka mpaka. Anamdai kila mtu akione kama akionavyo yeye. Rafiki anayesema filamu ya 2022 ni bora hasemi tu kwamba aliona raha usiku alipoiangalia. Anadai kuwa ndani yake mna kitu, na kwamba sisi tusiokiona tumepitwa. Kumjibu "hiyo ni ladha yako" ni kukataa kumsikiliza huku tukijifanya tumemheshimu.

Kabla ya Kant, Mskoti David Hume alikwishaliingia suala hili mwaka 1757, kwa kisa alichokichukua katika *Don Quixote*. Watu wawili waliosifika kwa ladha waliitwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini yake ukaonekana ufunguo wa kale uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Hume alikitumia kisa hicho kuonesha kwamba ipo ladha iliyo nyepesi kuhisi na iliyo nzito. Mimi naona kina funzo jingine pia. Waonjaji wale walitofautiana, na wote wawili walisema kweli. Lau mmoja wao angekubaliana na mwenziwe kwa ajili ya amani, nusu ya ufunguo ingebaki bila shahidi.

Nasi katika ushairi tuna neno moja linalobeba mambo mawili, nalo ni mizani. Mizani ya shairi huhesabika kwa vidole: minane na minane katika kila mshororo, na atakayeleta saba amepungukiwa, apende asipende. Hapo hakuna ugomvi. Lakini mizani ya sokoni hupima uzito, na mashairi mawili yaliyotimia silabi na vina huweza kutofautiana uzito kama unyoya na nanga. Kosa la wapanga daraja ni kutaka mizani ya pili ifanye kazi kama ya kwanza, wakatoa alama nane kwa hii na saba na nusu kwa ile, kana kwamba huruma ya filamu ya 2004 na hofu ya filamu ya 2022 zinauzwa kwa kibaba kimoja.

La ajabu ni kwamba filamu yenyewe ya 2001 ilikwishaucheka mchezo huo. Farquaad anataka mke ili awe mfalme kamili, na kioo cha ajabu kinamtandazia mabinti wa hadithi watatu mfano wa bidhaa, achague mmoja. Anamchagua Fiona bila ya kumjua, kisha anamtuma mwingine akamchukue. Mtu huyo huyo, mpenda orodha iliyo safi, ndiye anayewafukuza viumbe wasiolingana na nchi anayoitaka. Kila anayepanga daraja na aogope kuwa Farquaad: kuchagua bila ya kujua, na kufukuza kisichoingia katika safu.

Hata taasisi kubwa hazikubaliani juu ya njia. Mwaka 2002 tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni ilitolewa kwa mara ya kwanza, na Shrek akaichukua. Zilizoshindana naye zikawa zilizoshindwa. Mwaka 2020 filamu hiyo hiyo iliingizwa katika daftari la filamu za kuhifadhiwa la Maktaba ya Bunge la Marekani. Kila mwaka daftari hilo huongezewa filamu 25 zilizotimiza angalau miaka kumi, wala haliulizi ipi ya kwanza na ipi ya mwisho. Huuliza tu kama kazi hiyo yastahili isipotee. Njia ya kwanza huzaa shangwe, na ya pili huzaa kumbukumbu.

Je, basi tuuache mchezo? Sioni hivyo. Asiyelazimika kuchagua halazimiki kutazama vizuri. Mtu akiambiwa aseme ipi bora na kwa nini, ndipo hugundua kwamba alikuwa akiipenda filamu bila ya kujua sababu, na sababu ikipatikana humzidishia mapenzi au humpunguzia. Daraja ina faida ikiwa ni mlango wa kuingilia katika mazungumzo. Ikigeuzwa kuwa kufuli la kuyafunga, imekuwa dhuluma.

Insafu hupimwa kwa ile ya mwisho. Wengi huitupa chini filamu ya 2007, nami siwezi kuitetea iwe juu. Lakini humo mfalme Harold, aliyerudi kuwa chura, anakata roho mara mbili tatu mbele ya jamaa zake na kila mara anazinduka, hata kicheko na msiba vikashikana mikono. Na humo mabinti wafalme waliozoea kungojea wakombolewe wanajifunza kujikomboa. Asiyeweza kuisifu kazi kwa sentensi moja ya kweli hajastahiki kuiweka mwisho.

Na deni la rafiki ni ushahidi. Kwetu pwani tunasifu ulimi laini, na ni haki kuusifu, lakini ulaini wa ulimi ni namna ya kusema kweli, si ruhusa ya kuificha. Anayesalimu amri bila ya kushawishika amemnyima mwenziwe kitu ambacho hangeweza kukipata kwingine, yaani jicho la pili. Mtu hujizoeza katika madogo. Aliyezoea kuitika "ndiyo" juu ya katuni atasema nini siku rafiki yake atakapomsomea diwani mbovu anayotaka kuichapisha, au atakapomtaka shauri juu ya posa? Na aliyezoea kushinda kwa kupaza sauti, nani atathubutu kumwambia kweli siku atakapoihitaji?

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hukumu ya rafiki ni zimwi la namna hiyo: inauma, lakini inatujua, na hutubakisha. Marafiki wetu watatu na wainuke barazani bila ya orodha moja, kila mtu na yake mkononi. Aliyeonja chuma ameambiwa khabari za ngozi, na aliyeonja ngozi ameambiwa khabari za chuma. Watakapoziangalia tena filamu hizo, kila mmoja atakuwa akiutafuta ufunguo ambao peke yake hangejua kuwa umo.