Je, Hasikii?

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili: asiyesikia sauti na asiyefahamu lugha, wote twasema hawasikii. Kambini Dzaleka, wilayani Dowa, mtoto aliyetoka Kivu huketi kimya mbele ya mwalimu afundishaye kwa Kichewa na Kiingereza. Ni kiziwi, au ni mgeni wa lugha? Ajuaye ni mama, naye ana Kiswahili tu. Malawi iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Lakini mama huyo atadaije ofisini Lilongwe haki asiyoambiwa kuwa anayo? Wapo walimu wasemao, “Mzazi hakuuliza.” Siikubali kauli hiyo. Mwenye kuijua haki akingoja kuulizwa, amekwisha kuinyima. Mwalimu mwenye Kiswahili na aende kwa mama, amwulize: mtoto akiitwa kwa nyuma, hugeuka?