Nge Wasio na Kwao

Tulipanga nyumba moja mjini München, mimi na kijana wa Kijerumani aliyekuwa akifuga nge. Kwetu nge akionekana ukutani, kinachotafutwa ni kandambili. Yeye aliwawekea gome la mti wajifiche, kifuniko cha chupa chenye maji, na nyenje mdogo kila baada ya siku kadhaa. Mwezi wa kwanza sikusogea. Wa pili nikawa nasimama naye usiku kando ya makopo yake, taa zimezimwa, naye ameshika tochi ya mwanga wa urujuanimno, tukiwatazama wale viumbe weusi waking'aa kijani gizani.

Walikuwa Euscorpius, nge wadogo wa Ulaya. Mkubwa wao hufika sentimita 5 hivi pamoja na mkia. Magando yao ni mapana na mkia ni mwembamba, na sumu yao ni hafifu. Kusini mwa Ufaransa na Hispania yuko mwingine, Buthus, rangi ya manjano, magando membamba na mkia mnene. Huyo hachezewi. Kumtofautisha Buthus na Euscorpius hata mtoto ataweza. Kazi ngumu ni kuwatofautisha Euscorpius wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo rafiki yangu alipoteleza.

Kiangazi kimoja alisafiri kwa gari. Alipita Ticino huko Uswisi, akateremka hadi Liguria, kisha akavuka Italia hadi vilima vya Trieste. Kila usiku alimulika kuta za mawe na kuinua magogo. Makopo yalipomwishia aliwachanganya nge wa mahali mbalimbali katika chombo kimoja kikubwa, bila kuandika chochote. Alinipigia simu kwa furaha: "Nitawatambua nikifika nyumbani."

Alipofika aliazima hadubini, nami nikachungulia. Kwenye mkono wa gando kuna vinyweleo virefu, kila kimoja kimesimama ndani ya kikombe kidogo cha ngozi. Ukipuliza pumzi kwa mbali vinatikisika, kwani ndivyo vinavyompa nge habari ya upepo na ya mdudu anayepita. Wataalamu huhesabu vikombe hivyo, upande wa chini na upande wa nje, na huhesabu pia meno ya vitana viwili vilivyo chini ya tumbo. Alihesabu siku tatu. Wawili wakubwa aliwajua bila shida, walikuwa Euscorpius italicus. Waliobaki hesabu zao zilikaribiana mno, na spishi mbili za jirani zinaweza kugongana idadi. Kinachosaidia kuzitenganisha ni kujua nge ameokotwa bonde gani.

Habari ya jina Euscorpius carpathicus inaonyesha hasara ya kutojua mahali nge alipookotwa. Mwanasayansi Linnaeus alimpa nge mmoja jina hilo la carpathicus mwaka 1767. Baadaye likatumika kwa nge wa karibu kusini yote ya Ulaya, mpaka watafiti walipoanza kuwachambua upya mwishoni mwa karne ya 20. Leo carpathicus wa kweli anajulikana kutoka Romania, na wengine wamepewa majina yao. Nge wa kale aliyehifadhiwa kwenye spiriti na kikaratasi cha kijiji chake anaweza kupata jina jipya bila shida. Asiye na kikaratasi amebaki mzoga tu.

Katika ufugaji wenyewe rafiki yangu hakuwa mzembe. Majira ya baridi aliwapeleka kwenye ghala la chini ya nyumba wapumzike kwenye ubaridi, maana nge hawa si wa joto la mwaka mzima. Ila kuwachanganya kulimgharimu. Asubuhi moja tulikuta gando moja na kipande cha mkia, mwenye navyo ameliwa na mwenzake.

Kisha, mwezi wa Agosti, aliniamsha usiku. Jike mmoja alikuwa akizaa. Watoto weupe kama punje za mchele walikuwa wakipanda mgongoni mwa mama mmoja mmoja, wakijipanga, miguu yao laini ikitafuta pa kushika. Hukaa pale mpaka wajivue ngozi ya kwanza ndipo washuke. Nilimwona rafiki yangu akilia.

Alimwandikia mtaalamu mmoja, akitaka kumpa watoto wale kama zawadi. Jibu lilikuwa swali moja: mama aliokotwa wapi? Hakuweza kulijibu. Hata baba hakumjua, kwa kuwa mimba ya nge hawa inaweza kuchukua mwaka mzima, na jike huenda alikuja nayo kutoka porini. Zawadi ikakataliwa kwa adabu.

Kuwarudisha porini hakuweza, maana angewarudisha wapi? Huko Sheerness, Uingereza, nge wa mkia wa manjano wanaosadikiwa kuletwa na meli za Italia waliingia kwenye nyufa za kuta za bandari katika karne ya 19, na wamo mpaka leo. Kumwachilia nge katika ukuta usio wake ni jambo lisilofutika. Basi aliwalisha wote mpaka walipokufa, mmoja mmoja.

Nawe msomaji unayeishi Ulaya, ukivutiwa na viumbe hawa, nakusihi: andika mahali, tarehe, na aina ya ukuta au jiwe, pale pale, nge akiwa bado chini ya tochi yako. Kopo lisilo na maandishi lirudishe tupu kwenye mkoba.