Mtumbwi Ukipinduka, Mtu Aweza Kuuinua Peke Yake?

Swali tunalotaka kujiuliza katika kurasa hizi ni la zamani: mtu akianguka, kujiinua ni kazi yake mwenyewe, ao ni kazi ya wenzake? Wengi wanajibu haraka. Mmoja anasema: "Kila mutu abebe muzigo yake." Mwingine anasema: "Kidole kimoja hakivunji chawa." Na mara nyingi ni mtu yule yule anayesema yote mawili: la kwanza juu ya jirani, la pili juu yake mwenyewe. Ndiyo maana tumetafuta mfano unaoweza kupimwa kwa kilo, ili tusibishane kwa maneno matupu.

Mfano wetu unatoka ziwani. Kweli, sisi wa Nyangezi ni watu wa mlima na wa shamba. Lakini tunaishi katikati ya maziwa mawili, Kivu kule juu na Tanganyika kule chini, na Ruzizi inapeleka maji ya moja kwa lingine. Hata sambaza tunazokula zililetwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Wanaozivua usiku kwa taa hawaendi na mtumbwi mmoja. Wanafunga mitatu kwa miti mirefu, wavu katikati, na wanapiga kafi kwa wimbo. Kule Tanganyika, wengi wanafunga miwili. Chombo cha mitumbwi miwili kinaitwa katamarani. Neno lenyewe limetoka kwa Watamili wa India, na maana yake ni miti iliyofungwa pamoja.

Faida ya kufunga inaonekana wazi. Mtumbwi mmoja unayumba mtu akisimama vibaya. Miwili iliyofungwa inasimama imara kama meza. Lakini hapa kuna jambo ambalo lilitufikirisha sana. Mtumbwi mmoja ukipinduka, mtu mmoja anaweza kuuviringisha tena majini, hata kama utabaki umejaa maji. Katamarani ikipinduka kabisa, yenyewe inakaa vile vile imara, miguu juu, kama meza iliyogeuzwa. Kile kilichoizuia kuanguka ndicho kinachoizuia kuinuka. Kwa hiyo tusishangae tukimwona mtu aliyekuwa imara, mwenye kazi, mwenye nyumba na jina, akianguka na kukaa chini muda mrefu kuliko yule aliyezoea kuyumba kila siku.

Basi, mtu akiwa peke yake na katamarani ya matanga imelala ubavu, afanye nini? Wanaoendesha vyombo hivyo wanafundisha hivi. Kwanza, usikiache chombo. Ufuko unaonekana karibu, kumbe uko mbali. Pili, legeza kamba za tanga, sababu tanga lililokazwa litakuangusha mara ya pili. Tatu, geuza pua ya chombo ielekee upepo. Nne, pitisha kamba juu ya mtumbwi ulio juu, simama juu ya ule ulio majini, kisha jilaze nyuma kwa uzito wako wote. Tanga likianza kutoka majini, upepo ule ule uliokuangusha unaingia chini yake na kukusaidia. Tano, kinapoinuka, kishikilie, kisije kikaondoka bila wewe.

Maagizo ni mazuri. Lakini tuchukue hesabu. Katamarani ndogo inayojulikana duniani, Hobie 16, ina uzito wa kilo 145 hivi, na kwa kuiinua inahitajika karibu kilo 130 za kujilaza kwenye kamba. Mtu wa kilo 70 anaweza kujua maagizo yote matano, awe shujaa, asali, alie: haiinuki. Amekosa kilo 60, hakukosa bidii. Ndiyo maana wengine wanabeba mfuko wa kujaza maji na kuufunga kwenye kamba. Maji ndani ya ziwa hayamwongezei mtu uzito wowote. Yakiinuliwa juu ya ziwa, yanakuwa kilo za kumsaidia. Lakini mfuko huo aliutayarisha kabla, akiwa kwenye nchi kavu.

Hapo ndipo fundisho letu. Tangu miaka ya 1960, sisi Wakongomani tunaishi na "Artikle 15", sheria ambayo hakuna aliyeipigia kura: jitafutie, jipange mwenyewe. Imetuokoa mara nyingi, tusiikatae. Mwaka 1996, 1998, 2004 na 2025, vita ilipoingia Bukavu, watu walisimama tena bila kungoja mtu. Lakini Artikle 15 ina ubaya mmoja: inampima mtu, haipimi mtumbwi. Mjane aliyebaki na watoto sita na deni la hospitali anaambiwa: "Mama, ujikaze." Kijana aliyefukuzwa masomo sababu ya minervali anaambiwa: "Wenzako banajitafutia." Nani ameuliza mtumbwi wake una kilo ngapi?

Tena, si kila aliyepinduka ndiye aliyepakia. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiona kutoka ufukoni. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Abiria aliyelipa tiketi yake alikuwa na kosa gani?

Mtu atatuambia: mkisema hivyo, mnalea wavivu. Pingamizi hilo lina uzito. Ni kweli, hakuna anayeweza kukushikia kamba ikiwa wewe mwenyewe umeiacha. Mwaka 1989, chombo Rose-Noëlle, cha mitumbwi mitatu, kilipinduliwa na wimbi katika bahari ya New Zealand. Watu wanne hawakuweza kukigeuza. Walikaa nacho siku 119, wakikusanya maji ya mvua na kuvua samaki, mpaka kikafika kisiwani, wote wazima. Hawakukiinua, lakini hawakukiacha. Basi, wajibu wa aliyeanguka ni kushika; kuinuka si wajibu wake peke yake. Tusichanganye mambo hayo mawili.

Na wajibu wa anayeona? Wazee wetu Bashi walikuwa na neno burhabale, ni kusema kumkimbilia mtu aliye katika shida. Mgonjwa alipozidiwa mlimani, alibebwa kwa tipoyi, na mabega yalipokezana njiani. Hakuna aliyemwambia mgonjwa atembee ili aonyeshe bidii. Lakini mgonjwa naye alipashwa kukubali kulala ndani ya tipoyi, na hilo kwa watu wenye kiburi ni kazi nzito kuliko kutembea. Likelemba zetu za leo zafanana na ule mfuko wa maji: kilo zinazokusanywa siku ya utulivu kwa ajili ya siku ya upepo. Anayeingia likelemba hasemi kwamba ni dhaifu. Anasema kwamba amehesabu.

Tunamalizia hivi. Kabla ya kumhukumu aliyeanguka, tuangalie mambo mawili: mkono wake ungali kwenye kamba? Na mtumbwi wake unamzidi kilo ngapi? Kama mkono ungali pale, zile kilo zinazokosekana si deni lake. Ni deni letu, sisi tunaomwona kutoka ufukoni.