FIMBO NA TRIBINALI



Tumesikia wazazi wakinung'unika kwamba tribinali ya watoto inapinga Neno, kwa sababu Sulemani alitaja fimbo katika Mezali 13. Mzazi akiitwa mbele ya juji, wengine husema anateswa kwa ajili ya imani. Tusimame hapo kidogo.

Mtoto amepoteza pesa ya ndagala pale Kalundu. Baba anamchapa mpaka damu, kisha anamnyima bugali siku mbili na kumlaza nje. Hiyo njaa, Sulemani aliiandika wapi? Na mtu akitabiri kwamba mtoto ana uchawi, mkono unazidi! Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtesa mtoto na kumsingizia uchawi. Tribinali zenyewe zilianzishwa na sheria ya tarehe 10 Januari 2009.

Someni Kumbukumbu la Torati 21. Hata mwana mwasi kabisa, baba hakumhukumu peke yake nyumbani. Baba na mama walimpeleka kwa wazee, mlangoni pa mji. Basi tangu Musa mambo ya mtoto yalikuwa na waamuzi.

Nasi mashemasi tuna deni. Usiku mmoja tulisikia kilio katika nyumba fulani, tukasema hayo ni ya mwenye nyumba, tukaenda zetu kwenye mkesha. Tunatubu mbele yenu. Tangu sasa ndugu akiitwa na juji, tutamsindikiza akajibu. Hatutamficha mtoto kwa shangazi kule Makobola. Na tukisikia kilio tutapiga hodi, hata usiku. Mtufungulie.